Picha Hii Ni ya Nani? Kutafuta Picha za Mafunzo Katika Intaneti



Mwezi Januari mwaka 2025 Wilaya ya Biharamulo iliingia katika habari za dunia kwa sababu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitamani. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitika katika Mkoa wa Kagera, miaka miwili tu baada ya mlipuko wa kwanza uliotokea Bukoba mwaka 2023. Tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, wawili kwa kuthibitishwa na maabara na wanane kwa dalili na mazingira ya kuugua kwao. Wote 10 walifariki dunia.

Miezi michache baadaye niliombwa kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mada ilikuwa namna ya kumtembelea mgonjwa, kumfariji mfiwa na kumzika marehemu kwa heshima pale ambapo watumishi wa afya wamekataza kugusana. Ni mada nzito, maana kwetu mkono ni nusu ya pole. Nilijua kwamba maneno peke yake hayatatosha. Watu wanahitaji kuona. Basi usiku mmoja nikawasha kompyuta, nikaingia katika intaneti, nikaandika maneno mawili matatu, na kwa muda wa saa moja nikawa nimepata picha 14 nzuri. Nilijipongeza. Leo naandika makala hii kwa sababu ya moja ya picha hizo.

Ilionyesha watu wanne waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, mwili mzima hadi machoni, wakiwa wamebeba mwili wa marehemu ndani ya mfuko kuelekea kaburini. Nilidhani inafaa kabisa. Nilipoionyesha kwa projekta, katekista mmoja mzee, ambaye wote humwita Mwalimu, aliinua mkono akauliza, “Padre, hawa ni wa kijiji gani?” Nikamjibu kwamba ni mfano tu. Hakuridhika. Akasema, “Lakini yule aliyemo ndani ya mfuko si mfano.” Watu wakacheka kidogo, nami nikaendelea na somo.

Sikuwa nimeona kwamba mshiriki mmoja ameipiga picha ile kwa simu kutoka ukutani. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imezunguka katika makundi ya WhatsApp pamoja na maneno kwamba haya ndiyo yaliyotendeka Biharamulo na kwamba Kanisa linayo picha yake. Siku ya tano akaja nyumbani kwa mapadre mama mmoja. Alikuwa amemzika kaka yake wakati wa siku zile za mlipuko. Kaka huyo hakufa kwa Marburg, bali kwa maradhi aliyokuwa nayo miaka mingi. Lakini kwa tahadhari ya wakati ule mazishi yake yalisimamiwa na watumishi wa afya, na majirani hawakusogea. Mama yule aliketi, akakataa maji, akaniuliza, “Padre, ni kweli mnaonyesha watu mazishi ya kaka yangu?”

Nilimwonyesha picha ile, nikamweleza kwamba si kaka yake. Akaniuliza swali lilelile la Mwalimu: kama si yeye, basi ni nani? Sikuwa na jibu. Ilinibidi nirudi kwenye kompyuta kutafuta, na hapo ndipo nilipojifunza kufanya kile nilichopaswa kukifanya mwanzoni. Picha ilipigwa Liberia mwaka 2014, wakati wa mlipuko wa Ebola uliowaua zaidi ya watu 11,000 katika Afrika Magharibi. Ugonjwa haukuwa huo, nchi haikuwa hiyo, na ulikuwa umepita muongo mzima. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na mtoto wa mtu, naye pia ana dada mahali fulani.

Kwa nini jambo hili ni letu

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Lakini Kanisa limekuwa likifikiri juu ya picha kwa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa umeme. Karibu na mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja sanamu kanisani mwake, akimfundisha kwamba picha ni kama kitabu kwa wale wasiojua kusoma. Katika karne ya nane Mtakatifu Yohane wa Damasko alizitetea picha takatifu dhidi ya watawala waliotaka kuziharibu, na mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea ukathibitisha kwamba heshima itolewayo kwa sanamu haiishii kwenye mbao na rangi, bali humwendea yule anayewakilishwa nayo.

Fundisho hilo nalifahamu tangu seminarini, na nimelitumia mara nyingi kuwajibu wanaotusema kwamba tunaabudu sanamu. Siku ile mbele ya mama yule nililiona kwa upande wake wa pili. Kama heshima hupita kutoka kwenye picha hadi kwa aliyemo ndani yake, basi na aibu hupita kwa njia ileile. Ukimtumia maiti wa Liberia kama kielelezo tu, umemvunjia heshima maiti wa Liberia. Na ukiacha watu wadhani kwamba ni wa Biharamulo, umewavunjia heshima na wafiwa wa Biharamulo.

Sisi wa Ngara tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Andika jina la Ngara, au la Benaco, katika ukurasa wa kutafutia picha, na uone kinachokuja. Havitakuja vilima vyetu wala migomba, wala maporomoko ya Rusumo. Vitakuja vibanda vya plastiki na moshi, na umati usio na mwisho, kwa sababu kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na wapiga picha wa dunia nzima wakawafuata. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025, alipiga picha Benaco mwaka ule, nazo zimo katika kazi yake kubwa juu ya wahamaji aliyoitoa kama kitabu mwaka 2000. Ni picha za mtu mwenye kipaji kikubwa na moyo wa huruma. Wakimbizi wale walirudi kwao Desemba 1996. Kambi ya Lukole, iliyowahifadhi Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Lakini katika intaneti Ngara bado ni kambi. Kijana wa Ngara aliyezaliwa baada ya hayo yote akitafuta picha ya nyumbani ili kuupamba mradi wake wa shule, anapewa huzuni ya watu wengine kuwa ndiyo sura yake. Tunajua jinsi inavyouma mtu mwingine akikuchagulia picha. Tusiwafanyie hivyo watu wa Liberia, wala wa Kongo, wala wa kijiji cha jirani.

Namna ya kutafuta

Nianze na jambo dogo ambalo limeniokolea muda mwingi, yaani jina la kitu. Katika mafunzo yale nilihitaji picha ya popo, kwa kuwa virusi vya Marburg hukaa ndani ya popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Ukiandika neno la Kiingereza la popo, utaletewa pia magongo ya kuchezea kriketi na yule shujaa wa katuni mwenye kofia ya masikio. Ukiandika kwa Kiswahili utapata machache, na baadhi yake ni hadithi za popobawa. Ukiandika jina la kitaalamu, Rousettus aegyptiacus, utampata popo yuleyule unayemtaka na si mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa mimea na magonjwa yake. Ndugu yangu mmoja, bwana shamba, aliwahi kunionyesha bango lililoandikwa mnyauko wa bakteria wa migomba, nalo lina picha ya mgomba uliougua mnyauko wa fusari. Kwa mbali magonjwa hayo mawili yanafanana, lakini katika ule wa bakteria ukikata shina utaona uteute wa rangi ya njano ukitoka, na ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Mkulima aliyefundishwa kwa picha isiyo sahihi anaweza kung'oa shamba lisilopaswa kung'olewa, au kuacha linalopaswa. Familia nyingi Biharamulo na Ngara hula kutoka shamba hilohilo.

Pili, usiridhike na picha kabla hujajua ilikotoka. Zipo njia za kuitafuta picha kwa picha yenyewe: unaiweka katika Google Lens au TinEye, nayo inakuonyesha kurasa nyingine ilikowahi kutokea. Tafuta ya zamani kuliko zote, kisha soma maelezo yaliyo chini yake. Ni kazi ya dakika tano. Laiti ningezitumia dakika hizo tano, mama yule asingetembea kilomita zote zile kuja kuniuliza kuhusu kaka yake.

Tatu ni suala la mwenye picha. Wengi wetu tunaamini kwamba kilichomo katika intaneti ni cha wote, kama maji ya mvua. Sivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha na mchoraji bila kumdai asajili chochote. Haki yake huanza pale anapomaliza kazi, na kwa kawaida hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyo inaacha nafasi kwa anayefundisha kutumia kazi ya mwingine kama kielelezo, kwa kiasi kinachostahili na kwa kumtaja mwenyewe. Lakini kuonyesha picha moja darasani ni jambo moja, na kuichapa katika kijitabu kinachouzwa mlangoni mwa kanisa, hata kwa bei ya kurudisha gharama, ni jambo jingine. Tunapowafundisha watoto amri ya saba tunawatajia kuku na mahindi. Ingefaa tuwatajie na picha.

Habari njema ni kwamba wapo watu wengi waliochagua kutoa kazi zao kwa ukarimu. Tangu mwaka 2002 kuna leseni ziitwazo Creative Commons, ambazo kwazo mwenye kazi hutangaza mapema anachoruhusu. Alama zake ni herufi chache, nazo yafaa kuzijua. BY maana yake umtaje mwenye kazi. NC maana yake usiitumie kibiashara. ND maana yake usisambaze kazi uliyoibadilisha, kwa mfano kwa kuichora upya au kuiunganisha na picha nyingine. SA maana yake kama umeibadilisha, nawe uitoe kwa masharti hayohayo. Alama ya CC0 ina maana kwamba mwenyewe ameachilia haki zake zote. Katika ukurasa wa picha wa Google kuna mahali pa zana panapokuwezesha kuchagua zilizo na leseni hizi tu. Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, hupokea picha zilizo huru tu, na chini ya kila moja kuna jina la aliyeipiga, tarehe na leseni. Kwa mambo ya afya, maktaba ya picha ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ina picha nyingi ambazo ni mali ya umma. Soma tu maelezo ya kila moja, maana si zote.

Hata hivyo, na hapa naomba tuwe makini, leseni ni ruhusa ya aliyeshika kamera. Haisemi lolote juu ya aliyesimama mbele ya kamera. Picha ya mtoto mwenye utapiamlo inaweza kuwa huru kabisa kisheria, na bado mtoto yule hakuulizwa kamwe kama angependa kuwa sura ya njaa katika parokia asiyoijua. Kwa picha za wagonjwa, maiti, watoto, na watu waliodhulumiwa, mimi sasa ninajiuliza swali moja tu: kama huyu angekuwa mama yangu, au angekuwa ameketi humu ndani ya semina, ningeionyesha?

Picha za Bwana na za watakatifu

Kwa mafunzo ya katekesi tatizo huwa la aina nyingine. Picha za Yesu ziko nyingi mno, na nyingi ni zile tulizozizoea tangu utoto, zenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Sina ugomvi nazo; bibi yangu alikufa akiwa ameishika mojawapo. Lakini kama somo ni juu ya Neno aliyefanyika mwili akakaa kwetu, ni vizuri mwanafunzi aone pia kwamba Injili inaweza kuwa na sura ya kijiji kama chake. Katika miaka ya 1970 Wakristo wa kabila la Wamafa, kaskazini mwa Kameruni, waliigiza wenyewe matukio ya Injili, na kutokana na maigizo hayo zikachorwa picha zinazojulikana kama Jesus Mafa. Humo Maria anapashwa habari mbele ya nyumba ya msonge, na Yesu anafundisha chini ya mti kati ya watu weusi kama yeye. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, imeziweka nyingi mtandaoni pamoja na masharti yake: mtaje mwenye kazi, na usizitumie kibiashara. Nilipozionyesha katika kigango kimoja, mzee mmoja alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini wachungaji hawakuogopa kuingia pangoni.

Michoro ya kale, kama ile ya wachoraji wa Italia waliokufa karne nyingi zilizopita, kwa ujumla iko huru. Picha za Baba Mtakatifu ni suala jingine: zile rasmi ni mali ya Vatikano, na kila anayetaka kuzichapa yampasa aombe.

Kisha kuna hizi picha mpya zinazotengenezwa na akili mnemba. Mwezi Machi 2023 dunia nzima iliona picha ya Papa Fransisko amevaa koti jeupe kubwa la baridi la kifahari, na wengi waliamini, na baadhi walikasirika. Hakuwahi kulivaa. Tangu hapo mashine hizo zimekuwa hodari zaidi. Hati ya Kiti Kitakatifu iitwayo Antiqua et nova, ya Januari 2025, inatahadharisha juu ya picha za namna hii zinazodanganya watu. Mimi sizikatazi kwa mchoro wa kawaida, kwa mfano nyumba au ndoo ya maji, mradi isemwe wazi kwamba imetengenezwa hivyo. Lakini nimekwisha kuona rozari yenye punje 13 katika fungu moja, mtakatifu mwenye vidole sita, na padre anayeadhimisha Misa akiwa na vikombe vitatu na bila mkate. Katekista mpya akijifunza altare kwa picha hiyo, tutapata kazi ya kumfundisha upya. Na kwa tukio halisi, kama mlipuko ule, picha ya kutengeneza ni uongo, hata ikitengenezwa kwa nia njema.

Mambo ya fotokopi

Hapa nitakuwa mfupi, ingawa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Vigango vyetu vingi havina projekta, na siku nyingine havina umeme. Mafunzo hufika kwa karatasi iliyotolewa fotokopi mara tatu. Picha ya rangi inayopendeza kwenye kioo cha kompyuta inaweza kugeuka doa jeusi. Nyuso zetu ndizo huteseka zaidi, kwa sababu mashine haitofautishi vizuri ngozi nyeusi na kivuli. Kabla hujachagua picha, igeuze kuwa nyeusi na nyeupe katika kompyuta, itoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ya fotokopi. Ikibaki inasomeka, ichukue. Mara nyingi utagundua kwamba mchoro wa mistari tu unaishinda picha ya kamera. Angalia pia ukubwa: kwa ukurasa mzima wa A4 uliochapwa vizuri unahitaji picha yenye upana wa nukta kama 2,480 na urefu wa 3,508. Ile ndogo inayoonekana kwanza katika matokeo ya utafutaji ni kivuli tu cha picha. Fungua ukurasa wake wa asili na upakue iliyo kamili. Na ukimtumia mwenzako picha kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo itafika imepunguzwa.

Kuna pia picha ambazo ni sahihi na bado hazifundishi. Nilikuwa na picha ya virusi vya Marburg ilivyoonekana kwa hadubini, imekuzwa maelfu ya mara na kutiwa rangi. Ni kitu kama uzi uliojikunja. Nilipowaomba washiriki wanieleze walichokiona, walisema ni minyoo, na mmoja akataka kujua dawa ya minyoo ya kununua. Hawakukosea wao. Nilikuwa nimewapa picha bila kuwapa kipimo.

Picha tulizozipiga wenyewe

Baada ya mama yule kuondoka niliifuta picha ya mazishi, nikawaandikia viongozi wote wa semina kueleza ilikuwa ya wapi, na Dominika iliyofuata nikasema hivyo hivyo kanisani, na kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha nikabaki na somo lisilo na picha.

Mwalimu, yule katekista mzee, ndiye aliyetoa shauri. Akasema, “Padre, kwani sisi hatuna sura?” Basi tukaenda kigangoni siku ya Jumamosi. Watu wa Jumuiya moja wakaigiza wenyewe: mgonjwa ameketi mlangoni, jirani amesimama hatua kadhaa mbali na ameshika kifua badala ya kutoa mkono, ndoo ya maji yenye koki na sabuni kando yake, wafiwa wameketi kwa nafasi wakisali rozari, jeneza limefungwa, nalo kwa kweli lilikuwa benchi la kanisa lililofunikwa kitenge. Muuguzi wa zahanati alikuja kututazama, akatusahihisha mara mbili. Kijana mmoja mwenye simu nzuri akapiga picha, na dada mmoja wa sekondari akazichora upya kwa kalamu nyeusi kwa ajili ya fotokopi.

Kabla ya kuanza tulieleza picha zitatumika wapi, kwa ajili gani, na kwamba mtu anaweza kukataa au kubadili nia baadaye. Huo ulikuwa utu wa kawaida, lakini siku hizi ni sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu sura ya mtu inayomtambulisha kuwa miongoni mwa taarifa zake. Tuliandika majina katika daftari, kila mmoja akatia sahihi au kidole gumba. Kwa watoto waliokuwapo, wazazi walitia sahihi, na bado tulichagua picha zisizoonyesha nyuso zao wala sare za shule yao.

Picha hizo hazina uzuri wa zile 14 za usiku wa kwanza. Katika moja, kuku anapita mbele ya jeneza. Lakini nilipozionyesha katika semina ya pili hakuna aliyeuliza hawa ni wa kijiji gani. Waliwajua. Waliwataja kwa majina, wakabishana kama yule jirani amesimama mbali vya kutosha, wakaigiza tena palepale darasani ili kuonyesha umbali ulio sahihi, na somo nililolipangia dakika 40 likachukua asubuhi nzima.

Nilimtumia mama yule ujumbe nikamwomba aje azione kabla hazijachapwa. Alikuja, akazitazama moja baada ya nyingine bila kusema neno, akarudia ile ya wafiwa wanaosali. Akasema kwamba kwao hawakuruhusiwa hata hivyo, ila ingefaa watu wajue kwamba inaruhusiwa.

Kijitabu sasa kiko tayari, nacho hutolewa bure kwa makatekista wanaokihitaji. Ukurasa wa 9 una nafasi tupu yenye mstari wa mraba. Mzee aliyeigiza mgonjwa alibadili nia baada ya wajukuu wake kuona picha na kuogopa, akatuomba tuitoe, nasi tukaitoa. Tunatafuta mtu mwingine wa kuketi mlangoni.